Friji Iliyomsubiri Askofu

Dada yangu na mimi tulinunua friji za aina moja, siku moja, katika duka moja la mtaa wa Kanyenye. Mtu angedhani ni mapenzi ya ndugu. Si kweli. Nilisikia anakwenda kununua, roho ikaniuma, nikauza karanga zangu kabla bei haijapanda, nikamfuata.

Dukani alinitia aibu kwa maswali. Waranti ni ya mota tu au ya friji nzima? Mwaka unaanza kuhesabiwa lini? Umeme ukikatika ukarudi kwa nguvu ukaiunguza, nani anabeba hasara? Fundi wa mtaani akiifungua je? Muuzaji alimjibu swali moja moja, naye dada akiitikia kwa kichwa. Mimi nilisimama mlangoni natazama barabara, nikijisemea anajifanya msomi. Kadi yangu ya waranti niliikunja bila kuisoma, nikaichomeka kwenye kitabu cha nyimbo za kanisani.

Yeye alifungua boksi lake jioni ileile. Mimi sikufungua. Kwetu kitu kipya hungoja shughuli, na binti yangu alikuwa anajiandaa kwa kipaimara. Nilitaka mama, anayeishi Puge, aione friji yangu kwa mara ya kwanza siku hiyo, mbele ya dada na wageni wote. Tangu utotoni mama alikuwa na wimbo mmoja: dada yako anajua kupika, dada yako ana akili ya maisha. Nilitaka walau siku moja anisifie mimi. Nikalifunika boksi kwa kanga, likakaa sebuleni.

Lakini kipaimara humsubiri askofu, na askofu ana parokia nyingi. Tarehe ikasogezwa, kisha ikasogezwa tena.

Mwezi wa nane tangu tununue, friji ya dada ikaacha kugandisha. Nakiri kwamba nilifurahi. Furaha yenyewe haikumaliza wiki. Alikwenda dukani na risiti na kadi yake, wakambadilishia mota bila kumtoza kitu. Nikamwonea wivu hata kwa hilo. Kumbe kwake hata kuharibika kuna bahati!

Askofu alikuja mwezi wa kumi na tatu tangu tununue. Siku mbili kabla ya sherehe niliiondoa ile kanga, nikapasua boksi, nikachomeka waya. Taa ya ndani iliwaka vizuri. Mota ilinguruma kutwa nzima, na soda zikabaki na joto lake.

Kesho yake nilikuwa dukani kabla hawajafungua. Muuzaji alisoma risiti, akaniambia kwa upole kwamba muda umepita kwa wiki tatu. Nikamwambia friji haijatumika hata siku moja, nailoni yake bado imo.

"Mama, mwaka unaanza siku ya risiti, siyo siku ya kufungua boksi," alisema. "Dada yako aliniuliza hilo hapa hapa, na wewe ulikuwepo."

Siku ya shughuli dada alileta friji yake kwa guta la mizigo, bila kuombwa, imejaa soda na maji. Wageni wakanywa, wakamshukuru. Nilimchukia kwa wema wake. Nilipita na sinia huku natabasamu, lakini moyoni nilitamani mota ile mpya izime.

Mama alikuwa amekaa sebuleni. Nilimpelekea maji ya baridi, ya dada. Akaitazama friji yangu iliyosimama kwenye kona, nailoni imebanduliwa nusu, akaniuliza ilinunuliwa lini. Nikamweleza yote. Nikamwambia nilikuwa namtunzia yeye, awe wa kwanza kuiona.

Katika miezi ile mama alikuwa amelala kwangu mara tatu, akija kliniki ya presha hapa mjini. Kila mara alifika na jua kali, akaomba maji ya baridi, nami nikamchotea ya ndoo nikisema ndiyo yaliyopo.

"Kumbe lile boksi nililokuwa naweka mkoba wangu juu yake," alisema, "ndilo hili?"