Parachichi la Mzee Makame

Siku yangu ya kwanza jikoni sikupewa kisu. Mpishi Mkuu alinisogezea kreti la maparachichi akasema, "Yapange. Ya leo, ya kesho, ya keshokutwa." Mimi mtu wa Tanga, niliyekula parachichi tangu sina meno, nikaanza kuyabonyeza tumboni kwa kujiamini. Akanishika mkono. "Ukibonyeza hapo unalijeruhi, kesho ni jeusi ndani. Bonyeza shingoni, karibu na kikonyo, tena polepole." Hilo lilikuwa jiko la shule, Perry Barr, huku ughaibuni. Alhamdulillahi, kazi hiyo ilinilisha mimi na wanangu mpaka nikastaafu.

Vijana wa msikitini huniuliza habari za upishi, nami huwasimulia mazuri yake. Leo nitasimulia na lile ninalolionea haya.

Upishi wa taasisi ni kazi ya utaratibu. Mbao za kukatia zina rangi: nyekundu ya nyama mbichi, buluu ya samaki, kijani ya saladi na matunda. Kuna kipimajoto chenye sindano, unakichomeka katikati ya nyama ujue imeiva kweli. Na parachichi lina adabu zake. Hukatwa mwisho, watu wakishakaa mezani. Hukamuliwa ndimu lisigeuke rangi. Halikai motoni, maana likipikwa sana huwa chungu.

Kutoka shuleni nilihamia nyumba ya kulelea wazee, Handsworth. Hapo ndipo parachichi lilipokuwa fahari yangu. Wazee wengi hawakuwa na meno. Nililiponda kwa ndimu na chumvi kidogo, nikawapakia kwenye mkate badala ya siagi. Nililikata vipande juu ya maharage, nikalitia kwenye kachumbari, nikalisaga na maziwa kama tufanyavyo kwetu. Niliwaeleza faida zake: mafuta yake ni rafiki wa moyo kuliko siagi, nyuzinyuzi zake hulainisha choo, na lina madini ya potasiamu yanayosaidia kushusha presha. Yote ni kweli, na bado nayasema. Meneja alinibatiza jina la Daktari Parachichi. Nililipenda jina hilo kupita kiasi.

Mlangoni mwa friji ilibandikwa orodha ya milo, karatasi inayoonyesha nani ale nini na nani asile nini. Mtaalamu wa Lishe aliiandika na kunisomea mwenyewe. Jina la Mzee Makame lilipigiwa mstari mwekundu. Figo zake zilikuwa dhaifu, na figo dhaifu haziwezi kuitoa ile potasiamu; ikizidi damuni, moyo hupoteza mwendo. Kwa hiyo hakuruhusiwa ndizi wala parachichi, na viazi vyake vilichemshwa kwa maji mengi na maji yakamwagwa.

Mzee Makame alikuwa mtu wa Unguja, na mimi peke yangu jikoni ndiye niliyetoka pwani kama yeye. Alasiri moja alinikuta nikisafisha meza.

"Salimu, mwanangu, viazi vyenu hivi vimekufa maji. Vingefaa vioshwe na kuswaliwa, si kuliwa."

Nilicheka. "Ni amri ya Mtaalamu wa Lishe, mzee."

"Na mie baba yako n'kiomba kipande cha parachichi, utan'onesha karatasi?"

Kwetu, mzee akikuomba chakula humwambii hapana. Nililelewa hivyo, na neno lake la Kiswahili lilinizidia uzito kuliko karatasi ya Kiingereza. Nikajiambia pia kwamba kitu chenye faida zote zile hakiwezi kumdhuru mtu. Nikamkatia. Kesho yake akaja tena, na keshokutwa, kila baada ya Swala ya Alasiri, nami sikuandika popote.

Siku ya nane miguu yake ilikataa kumbeba. Gari la wagonjwa likamchukua, na hospitali ikapiga simu: potasiamu imepanda mno, amekula nini?

Meneja alikuja jikoni pamoja na Mtaalamu wa Lishe. Tulikuwa wawili, mimi na Mama Furaha, mwenzangu kutoka Bukavu, aliyepanga sahani na kuzipeleka vyumbani.

"Nani amempa kitu nje ya orodha?" aliuliza Meneja.

Mama Furaha akasema, "Mimi ninapeleka ile imeandikwa tu." Kisha akaniangalia.

Nilikuwa nimeshika kitambaa. Nikaendelea kufuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

Kwa kuwa sahani zilipita mikononi mwake, Mama Furaha aliambiwa akae nyumbani uchunguzi ukiendelea. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akatoka bila kuniaga. Siku tatu nilinyamaza. Nilijidanganya kwamba ninasubiri Mzee Makame apone kwanza. Adhuhuri, wenzangu Waislamu waliponisukuma mbele niwaswalishe kama kawaida, nilisema nina mafua. Mtu aliyesomeshwa Qurani tangu utotoni, anayejua hukumu ya kuficha ushahidi, nikajificha nyuma ya mafua.

Siku ya nne niliingia ofisini kwa Meneja nikasema yote. "Kosa la chakula ningelielewa siku ile ile," alisema. "Hizi siku tatu sizielewi." Nilipewa onyo la maandishi na nikaondolewa kwenye milo maalumu. Mzee Makame, kwa rehema za Mungu, alirudi akiwa hai. Alimwambia kila mtu kwamba kosa ni lake yeye mwombaji. Sikumruhusu anibebee.

Mama Furaha aliitwa arudi, akakataa. Nilikwenda kwake na mke wangu. Alitupokea vizuri, akatupikia chai.

"Papa Salimu, mimi nimekusamehe, ni juu ya Mungu," alisema. "Lakini siku ile nilikuangalia, weye ukaangalia meza. Kutumika na weye jikoni tena, hapana."

Tulimaliza chai, tukaaga. Mke wangu alilia njia nzima ndani ya basi, mimi nikitazama dirishani.

Siku ya kuagwa kwangu kazini walinisifu kwa uaminifu. Nilisimama nikawashukuru, shingo imeniinama, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Sasa nimestaafu. Nina afya, nina wajukuu, na kila asubuhi nakula parachichi langu na mkate nikimshukuru aliyeliumba. Nanyi mle, ni tunda jema. Anayepikia wengine aulize kwanza mwili wa mlaji unaruhusu nini, na akikosea aseme palepale. Toba yangu kwa Mungu nina tumaini nayo. Kila Krismasi nampigia simu Mama Furaha kumtakia heri. Hupokea, tunaulizana habari za watoto, na hakuna hata mmoja wetu anayetaja jikoni.