Sauti ya Baba Mkwe Kwenye Spika za Sebuleni

Baba mkwe wangu alifia kambini, akiwa mkimbizi kwa mara ya pili maishani. Mara ya kwanza alivuka mpaka na mwanawe mdogo, ambaye alikulia Kigoma na baadaye akanioa. Mzee alirudi Burundi, vita vikamtoa tena. Alipougua, mume wangu alihangaikia kibali cha kuingia kambini. Alipokipata, alikuta wameshamzika.

Binamu wa mume wangu, aliyekuwa kambini, alikuwa amemrekodi mzee akiimba, akatuwekea wimbo mtandaoni. Kwenye simu sauti ilikuwa nyembamba kama ya mbu. Mume wangu akataka kuusikia kwenye spika kubwa za sebuleni kwetu Buzebazeba, hapa Kigoma, zile zinazopokea muziki kwa waifai.

Ukawa unakwama. Mzee anaimba maneno mawili, anapotea, anarudi katikati ya neno.

"Walinichelewesha kibali, na hata sasa hawaniachii nimsikie," mume wangu alisema.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, nimehamishiwa huku kutoka Tanga. Nilimweleza kwamba sauti husafirishwa hewani ikiwa vipande vidogo vidogo. Vingine vikiwahi na vingine vikichelewa, spika hukosa cha kupiga. Nikaitoa ruta nyuma ya friji, nikaiweka juu ya kabati. Nikaihamishia masafa ambayo majirani hawajayajaza. Nikazima intaneti kwenye simu zetu nyingine. Mwisho nikaiagiza programu ya muziki ikusanye kwanza akiba kubwa ya sauti, ndipo ianze kupiga.

Mzee akajaa chumbani. Tulisikia hadi kucha zake kwenye nyuzi za inanga, zeze la Kirundi alilokuwa akilipiga. Mume wangu akatabasamu, mara ya kwanza tangu arudi kutoka kulizuru kaburi la baba yake.

Ubeti wa mwisho, sauti ikakatika tena. Nikainuka kwenda kwenye ruta.

"Acha, mama," mume wangu akasema taratibu. "Hapo siyo mtandao."

"Ni nini?"

"Ni baba. Pumzi imemwishia."

Nikasikiliza. Nyuzi zilikuwa zinaendelea bila kukwama. Ni mzee aliyenyamaza. Kisha akajikaza, akaanza upya neno lililomshinda: *mwana wanje*, mwanangu.

Mume wangu akateremka kwenye kochi, akakaa sakafuni uso mikononi, akalia kwa sauti. Msibani hakuwa amelia. Nilikaa kando yake nikamshika mgongo. Wimbo ulipoisha hakuniomba niurudie, wala hajaniomba tena hadi leo.