Punda Aliyeulizwa Mwisho

Huyu ni Sharifo Gelle Hared. Babu yake, Hared, alichimba kisima kwa mikono kwenye njia ya Hadado, wasafiri wakanywa miaka mingi, na hakuna aliyekumbuka kumwekea hata jiwe la jina. Baba yake, Gelle, alivusha ngamia wa watu wanne mto Tana ulipofurika, akapoteza kiatu kimoja tu, na kiatu hicho alikilalamikia mpaka anaingia kaburini. Mama yake alikuwa Mulki, ambaye kamba yake ilikuwa haikatiki hata ngamia aamue kufa nayo. Sharifo mwenyewe ameshona matandiko ya punda hapa Garissa miaka thelathini na minane. Ukiona punda wa mji huu ana mabega yasiyo na vidonda, hiyo ni kazi yake. Ukiona vidonda, mwenye punda alikwenda kwingine, na shauri yake.

Tulikaa dawati moja, mimi na yeye, hadi darasa la saba. Nasema hivyo mjue kwamba haya nimeyaona kwa macho yangu, si kama wale watu wa ripoti.

Mwaka jana mabwawa yalipokauka, ukaja mradi wa maji. Jina lake silitaji, halistahili wino. Mradi ukasema utatengeneza mikokoteni kumi na miwili ya punda, bora kuliko yote, ya kupeleka maji kutoka mtoni hadi vijiji vya ndani. Mikokoteni tunayo tangu zamani, lakini yetu haina mchoro, na kwa watu hao kitu kisicho na mchoro hakijazaliwa.

Mchoro ulichorwa na mhandisi kijana, Abdiwahid, peke yake, ofisini, chini ya feni. Ni mtoto wa hapa hapa, mama yake namjua, alimlea vizuri mpaka akaenda kusoma. Alipomaliza kuchora akampelekea Bulle, fundi wa kuchomelea vyuma. Bulle alipomaliza kuchomelea, karatasi ya vipimo ikaletwa kwa Sharifo na wanawake watano wanaoshona naye. Kila mtu alipokezwa kazi kama mwiko wa msiba: unakoroga, unampa mwenzako, unakwenda zako.

Sharifo aliigeuza ile karatasi juu chini.

"Punda yuko wapi?"

"Vipimo vyote viko hapo, ayeyo," Abdiwahid akasema. Ayeyo kwetu ni bibi, na kijana huyu heshima ya mdomo anayo.

"Mimi nimeuliza punda."

"Punda ataletwa siku ya uzinduzi."

"Aa. Kama bwana arusi."

Hata hivyo akashona. Hapo alikosea, na nilimwambia. Mtu wa miaka thelathini na minane kazini haishonei karatasi. Akanijibu kwamba nyumba sita zinangoja kazi ile, na mimi ningekuwa nashona ningenyamaza.

Siku ya uzinduzi likasimamishwa hema, vikaja viti vya plastiki na soda. Mkokoteni wa kwanza ulikuwa umepakwa rangi ya samawati, unang'aa kama sahani ya Idi. Deeq, mchukuzi wa maji, akamleta punda wake, akamfunga. Mgeni wa heshima alikuwa bado anahutubia wakati mapipa mawili yalipoanza kujazwa maji. Mapipa yalikaa nyuma kabisa, nyuma ya magurudumu, kwa sababu Abdiwahid alitaka bomba lifikike kwa urahisi. Basi maji yakapanda ndani ya mapipa, na mikono ya mkokoteni nayo ikapanda huko mbele. Na punda, aliyefungwa katikati ya mikono hiyo kwa mkanda wa tumbo, akapanda nayo.

Alining'inia hewani, wallahi. Miguu minne inatafuta ardhi. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Wageni hawakujua kama hiyo ndiyo sherehe yenyewe, na mmoja akapiga makofi.

"Anakufa!" Deeq akalia. "Mshusheni! Anabanwa pumzi!"

Wenye shahada walitazamana. Sharifo akachomoa kisu chake cha ngozi chini ya shuka, akapita katikati yao, akakata mkanda wake mwenyewe wa tumbo kwa mkato mmoja. Punda akatua kwa miguu yake. Mkokoteni ukalala chali, na maji yote yakaenda kwenye viatu vya wageni. Ndiyo maji pekee ambayo mradi ule ulikuwa umefikisha kwa watu mpaka siku hiyo.

Wiki moja baadaye ofisi ikatoa barua. Majaribio hayakufaulu, ilisema, kwa sababu mkanda wa tumbo ulikatika. Kwa hiyo matandiko yote yataagizwa kutoka kiwanda cha Nairobi. Kisu ambacho watu mia mbili walikiona hakikuandikwa. Mapipa hayakuandikwa.

Sharifo hakuwa mtu wa kulia. Alikunja ule mkanda, akaenda ofisini, nami nikamfuata. Akauweka mezani juu ya kompyuta.

"Angalia ncha hii. Uzi uliochoka hutoa manyoya. Huu umenyooka. Ni kisu."

Abdiwahid akatazama feni. "Ayeyo, makao makuu walitaka sababu. Ilibidi niandike moja."

"Ukachagua sababu isiyo na kompyuta ya kukujibu."

Macho yakashuka kutoka kwenye feni hadi kwenye mkanda. Angalau aibu alikuwa nayo.

"Wanawake watano wananitazama," Sharifo akasema. "Jina la mama yangu liko kwenye kila mshono, na wewe umelipaka uchafu mbele ya mji. Wakubwa wako wanarudi lini?"

"Jumatatu."

"Basi kesho uje kwa Bulle. Njoo na chaki, karatasi uiache hapa ilale. Mkokoteni ukisimama, utaandika upya. Usiposimama, nitakusindikiza Nairobi mwenyewe ukatafute mshonaji."

Kesho yake tulikuwa sote katika uwanja wa Bulle kabla jua halijawa kali. Bulle, Deeq, Abdiwahid, wanawake sita na sindano zao za shazia, na punda. Sharifo alimsimamisha punda katikati, kwenye udongo mgumu, akamwambia Abdiwahid achore mkokoteni kumzunguka.

"Chini hapa?"

"Ulitaka apande tena?"

Kijana akapiga magoti na suruali yake ya pasi. Akasogeza ekseli, chuma cha magurudumu, nyuma mpaka chini ya mapipa. Hilo alilijua mwenyewe sasa. Hata watoto waliocheka walilijua. Kisha akaandika urefu wa mikono: mita mbili na sentimita kumi.

Bulle akacheka puani. "Chuma cha dukani ni mita sita. Kwa kipimo hicho napata mikono miwili na kipande cha kuchokorea moto tu. Ungesema mita mbili kamili, napata mitatu."

"Kwa nini hukuniambia mwanzoni?"

"Niliambiwa nichomelee. Kufikiri kulikuwa kazi yako."

"Na wewe usijione," Sharifo akamwambia Bulle. "Uliona mapipa yako nyuma, ukachomelea umefumba mdomo. Nyote wawili ni hasara ya mama zenu." Akageuka kwa Deeq. "Mita mbili zinatosha?"

Deeq akamwongoza punda mbele, akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia. Kwenye kugeuka, miguu ya nyuma ilikanyaga mstari wa chuma cha kukingama, kile kinachounganisha mikono nyuma ya punda.

"Hapa atajigonga mpaka afike kijijini hana ngozi," akasema.

"Basi turudishe ile mita mbili na kumi," Abdiwahid akasema.

"Mhandisi wewe," Sharifo akasema, "unajua kurefusha tu. Rudisha nyuma hicho chuma cha kukingama. Mikono ibaki mita mbili."

Wakafuta, wakachora, punda akageuka tena, na safari hii hakugusa mstari. Bulle hapo hapo akapigilia vigingi ardhini kufuata chaki, ili kila mkono utakaofuata ukatwe na kukunjwa mahali pamoja, mikokoteni yote kumi na miwili bila tofauti. Alipokuwa bado anapigilia, wanawake walikuwa tayari wanakata mikanda kwa kipimo cha kifua cha punda aliye hai. Mmoja akapiga kelele kwamba pete ya kufungia imewekwa juu mno, mkanda utakaa shingoni. Bulle akaishusha kabla hajawasha moto. Angeambiwa baada ya rangi, angehitaji siku nzima ya kukwangua na kutukana.

Niliwahesabu wakibishana, na sikuona aliyenyamaza isipokuwa punda. Naye, wakimkosea, alipiga teke.

Siku ya pili alasiri mapipa mawili yalijazwa hadi juu. Abdiwahid alifumba macho. Mikono ya mkokoteni ikabaki pale pale, imekaa myepesi kwenye matandiko, na punda akaendelea kutafuna gunia la Deeq. Kisha akatembea. Alikwenda hadi barabarani na kurudi, hakuna kilichokatika, na tone la kwanza la maji lilimwagika pale Deeq alipofungua bomba anywe.

"Alhamdulillahi," Abdiwahid akasema, akaanza kujifuta chaki magotini. "Ayeyo, nitarudi ofisini niandike ile barua."

"Ofisini?" Sharifo akaketi juu ya tairi kuukuu, akavuta debe akaliinamisha mbele yake kama dawati. "Ile ya kwanza uliiandika huko peke yako, na tuliona ilivyoning'inia kama punda. Yurub!"

Yurub, mdogo kati ya wanawake wale, akaleta daftari na kalamu. Sharifo akavipokea, akampa kijana.

"Kaa hapa. Anza na kisu, na mkono ulioshika kisu. Habari ya vyuma utamuuliza Bulle, habari ya mgongo utamuuliza Deeq, habari ya mkanda utaniuliza mimi. Ukimaliza kila mstari, soma kwa sauti tusikie. Na umgeukie punda unaposoma. Safari hii hataulizwa mwisho."