Kiwele Kilichokataa Kukauka

Naomba mnicheke taratibu. Mimi ni mshauri wa mifugo kutoka Mafubira, Jinja, na huku Mbale nimepanga chumba kwa afande mmoja wa magereza, pale Wanale. Ng'ombe wake ana mimba, amebakiza miezi miwili azae. Nikawaeleza yeye na mkewe kwa subira: punguzeni pumba, acheni kukamua kabisa. Kiwele kitavimba siku chache, kisha maziwa yatarudi mwilini. Mkikamua hata kidogo, mwili utaendelea kuyatengeneza, na ng'ombe atazaa bila kupumzika.

Siku ya pili ng'ombe akalia mpaka roho ikaniuma. Alfajiri nikaenda kumpunguzia maziwa, kikombe kimoja tu. Kesho yake tena. Wala sikuyamwaga, niliyatia kwenye chai yangu.

Ikafika wiki, kiwele bado kimejaa. Afande akamgeukia mkewe mbele yangu. "Mama Okiru, unakamua kwa siri?"

"Sijamgusa, afande."

"Sasa nani? Mimi?"

Nami, bila haya, nikamwambia mama kwa upole, "Si vibaya kumwonea huruma. Jikaze tu, utazoea."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimechuchumaa bandani, kikombe kimefika nusu, nikasikia viatu nyuma yangu. Wote wawili walikuwa wamesimama mlangoni.

"Simama, mwalimu," mama akasema. "Jana huyu mzee alinifanya mwongo mbele yako. Mweleze basi. Wewe unajua kueleza vizuri."