Mfuko Uliokataa Kukauka

Mwanangu, kesho unavaa buti mpya uende kuanza kazi ya kupima mabaki ya migodi, na jana nimekusikia ukicheka ukisema kifusi hakina mwenyewe. Keti kidogo. Ipo asubuhi moja ya ujana wangu, pale Nakawa, ambayo nikiikumbuka mpaka leo nywele hunisimama. Na mimi si mwoga. Nimezaliwa kambini, baba yangu askari.

Nilikuwa mjiolojia mchanga, digrii bado inanuka wino. Kampuni moja ilituajiri tuchunguze mlima wa mchanga uliotupwa na mgodi wa shaba kule magharibi, karibu na mpaka wa Kongo. Mgodi wenyewe ulikuwa umekufa zamani, lakini katika takataka zake kulikuwa na kobalti, madini haya ambayo sasa dunia nzima inayagombania kwa ajili ya betri. Tulitoboa mlima ule, tukajaza mifuko, tukaileta maabara yetu ya Nakawa, Kampala. Kazi yangu ilikuwa kukausha kila mfuko kwenye oveni, kuupima, kisha kuchekecha. Kinachobaki juu ya chekeche, mizizi na vijiti, unatupa. Ndivyo tulivyofundishwa.

Mfuko mmoja ulikataa kukauka. Jioni nautoa mkavu, mchanga wake unatiririka kama unga. Asubuhi naukuta umelowa, na mizani inasema umeongezeka. Nikaurudisha ndani. Kesho yake vilevile. Nilijiambia ni chumvi za shaba zinavuta unyevu wa hewa, na kweli zipo chumvi za namna hiyo, ila mifuko iliyokaa rafu ileile ilikuwa mikavu. Chumba chenyewe kikaanza kunitisha. Ukimya wake haukuwa wa chumba kitupu, ulikuwa wa mtu anayengoja umalize kusema naye aseme. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakutania.

Nikaona dawa ni kuumaliza upesi. Vipimo vya awali vilionyesha kwamba mfuko huo ndio wenye kobalti nyingi kuliko yote, na kampuni ilikuwa imeshatafuta matingatinga ya kuanza kuchota upande ulikotoka. Nikauchekecha hivyohivyo ukiwa na majimaji. Juu ya chekeche kikabaki kipande cha kitu laini, rangi ya kijani. Nikakinyoosha kwa vidole. Ilikuwa nguo ya gome la mti, lubugo, ile tunayowavika wafu. Shaba ilikuwa imeilinda isioze, ikaipaka rangi yake, na mshono ulikuwa bado imara.

Mkono wangu ulikuwa umeshaelekea kwenye pipa.

"Wewe! Weka chini." Alikuwa Mama Nalwoga, mkuu wa maabara, mwanamke aliyeanza kupima mawe kabla sijazaliwa. Alizima oveni, akavua miwani. "Ssebo, bwana wangu, hiyo si takataka. Huyo ni mtu. Kabla ya kutoboa mliuliza nani?"

Hatukumuuliza mtu. Tulikuwa na ramani.

Akampigia simu mwenyekiti wa kijiji kilicho kando ya mlima ule wa mchanga. Siku chache baadaye bibi mmoja alishuka basi, akaingia maabara viatu mkononi, kama aingiaye nyumba ya msiba. Alichoambiwa ni kwamba makaburi ya vibarua wa mgodi yameonekana. Zamani wakubwa wa mgodi waliyamwagia mchanga bila kumwambia mtu, na mumewe alikuwa humo. Nikamletea kile kitambaa kwenye sinia. Akaupapasa mshono, akaujua. Aliushona yeye.

"Tangu nyinyi natoboa pale," akasema kwa Kiswahili cha mgodini, "bwana yangu nakuja kwa ndoto. Yeye nasema, Mama Biira, nipe maji. Mimi nampa, yeye nakunywa. Mchana moto nachoma yeye tena."

Habari za oveni hakuna aliyemwambia. Nilitoka nje nikakaa chini ya ukuta, na malori ya Nakawa yakaendelea kupita.

Bibi aliondoka na mfuko mzima akamzike upya. Mama Nalwoga akaandika kwamba upande ule usichotwe, na kampuni ikatufukuza sote wawili. Nilibeba marobota ya mitumba katika soko la Owino mpaka nikapata kazi nyingine, na mabega hayajasahau. Lakini wanakijiji walikuwa wameshajua. Waliweka matanga juu ya mchanga ule, wazee kwa watoto, na hakuna dereva aliyekubali kupitisha tingatinga juu ya wafiwa. Upande ule haujaguswa hadi leo.

Sasa sikia, mwanangu. Sikukatazi kobalti, dunia inaitaka na wewe unataka kula. Lakini kuuliza si ujinga. Kabla hujashusha chuma ardhini, kaa na wenyeji, kunywa chai yao, uliza nani alilala hapo kabla mchanga haujaja. Kisha simama juu ya kifusi upige hodi, hata wenzako wakikucheka. Ukiona kitu kinakataa amri yako, usiongeze moto. Zima, ukiangalie.

Nenda salama. Mungu akupe riziki isiyo na kilio cha mtu ndani yake, na walio chini wakisikia hatua zako, wasishtuke.