Mlango wa Stoo ya Dada Tuma

Nianze na ujinga wangu, maana mtaani umeshafika kabla yangu. Jumatatu nilimpeleka binti yangu kituo cha kulelea watoto kwa mara ya kwanza. Nilimuaga mlezi kwa adabu zote, nikasema naenda nyumbani, kisha nikazunguka nyuma ya uzio wa mabati, nikageuza ndoo mbovu iliyotupwa pale, nikapanda ili nichungulie. Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu kwa wiki ni kwenda dukani kununua chumvi, na mwili wangu ni shahidi. Ndoo ikapasuka. Nikatua katikati ya matuta ya viazi ya watu, kanga huku, ndala kule. Mlezi alitoka akanikuta nimekaa pale kama kiazi kilichosahauliwa na wavunaji.

"Mama," akasema akijizuia kucheka, "geti liko wazi. Si ungepita tu?"

Ningemjibu, ila pua yangu ilikuwa imeshasafiri. Jikoni kwao kulikuwa na uji ulioungua, ile harufu ya unga wa mahindi na karanga ulioshika chini ya sufuria, chungu kidogo, tamu kidogo. Kwa wengine hiyo ni harufu ya mpishi mvivu. Kwangu mimi ni shule ya vidudu ya Dada Tuma.

Ilikuwa hapahapa Mpanda, ng'ambo ya reli. Chumba kimoja cha tofali za kuchoma, mkeka, ubao uliopauka, na kwa nyuma stoo ya magunia. Dada Tuma alikuwa binti wa Kinyamwezi kama sisi, mwenyeji wa Inyonga, mwembamba, mwenye sauti ya kukata kuni. Alitulea peke yake, kundi zima la vidudu wenye kamasi, wakati mama zetu wako sokoni. Mama yangu aliuza mchele wa Majimoto. Uji uliungua kila siku kwa sababu mpishi, mwalimu, mfuta kamasi na askari alikuwa mtu mmoja. Hayo nayajua leo. Zamani zile nilidhani uji ndivyo ulivyo.

Na aliyelia alipelekwa stoo.

Aliyepelekwa zaidi alikuwa Shija, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma, mdogo kuliko sisi wote, bado hajajua Kiswahili. Akitaka maji alisema "minzi". Dada Tuma alimwelewa vizuri sana, maana hata kwa Kinyamwezi maji ni minzi. Lakini sheria yake ilikuwa kwamba shuleni ni Kiswahili tu. Shija akarudia, hakupewa, akalia. Akilia alibebwa kwa mkono mmoja kama kuku wa kwenda mnadani, na komeo likasukumwa kwa nje. Kule ndani kulikuwa na giza, vumbi la mahindi na panya. Tulimsikia akigonga, baadaye akikwaruza, baadaye kimya. Kile kimya ndicho kilichonifanya nibane mkojo mpaka saa ya kurudi nyumbani.

Dada Tuma alikuwa ametuambia kwamba atakayesema kwao, ulimi utaota manyoya. Mimi, ambaye baadaye nilifika mpaka kidato cha nne, niliamini. Kila asubuhi nilikagua ulimi wangu kwenye mgongo wa kijiko.

Basi sikusema. Nilicheza.

Nyumbani nilikuwa na wanafunzi wangu, magunzi ya mahindi, niliowapanga kwenye mstari chini ya ukuta. Jioni moja jirani yetu Mama Kalista alikuwa amekaa uani akimsubiri mama. Alikuwa Mfipa, mwanamke wa mabega mapana, muuza dagaa wa Karema, na harufu ya dagaa ilimtangulia kila alikokwenda kama tarishi. Akaniona nimechukua gunzi moja, nimelitikisa, nimelifunika kwa kopo, kisha nimelikalia lile kopo.

"Huyo kafanya nini?"

"Kalia."

"Utamtoa saa ngapi?"

"Akinyamaza."

"Anaitwa nani, maskini?"

"Shija."

Hapo nikakumbuka. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili, nikaangua kilio kwamba ulimi wangu sasa utaota manyoya. Mama Kalista hakucheka.

"Utoe niuone," akasema. Nikautoa. Akaugeuzageuza kwa macho kama mtu anayechagua samaki. "Ulimi mzuri. Endelea kusema."

Nikasema yote.

Sasa, asiyejua utani wa Wafipa na Wanyamwezi atadhani naongeza chumvi. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe, akaondoka na jogoo wako, na wewe ukikasirika, aibu ni yako. Kesho yake, uji ukiwa umeanza kunuka na Shija akiwa tayari stoo, mlangoni pakasikika sauti.

"Hodi kwa watumwa wangu!"

"Karibuni, nyie Wafipa wa kutumia watu radi," akajibu Dada Tuma, akicheka kama utani unavyotaka.

Mama Kalista akaingia, nyuma yake mama yangu, aliyeacha mchele wake sokoni. Mama Kalista akaenda moja kwa moja kwenye stoo, akaupapasa mlango kama ng'ombe wa mahari.

"Mlango mzuri huu. Nimeupenda."

Akavuta komeo. Shija akatoka mweupe kwa vumbi, suruali imelowa, akipepesa macho. Mama akamnyakua, naye akamng'ang'ania shingoni. Mama Kalista akaushika mlango kwa mikono miwili, akaung'oa kwenye bawaba zilizooza, akajitwika kichwani.

"Mtani, unaurudisha lini?" Dada Tuma akauliza. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Siku utakapoolewa na Mfipa. Na watakukataa."

Sisi vidudu tulicheka mpaka tukagaagaa. Kwa maisha yangu yale mafupi sikuwa nimeona kichekesho kama kile, mlango ukitembea barabarani una miguu ya mtu. Sikuona kwamba mama hakucheka. Sikuona akimfuta Shija vumbi usoni kwa ncha ya kanga.

Baada ya hapo mwenyekiti wa mtaa aliitwa, na Dada Tuma alisemwa mbele ya kina mama mpaka akalia yeye. Kuanzia hapo kila siku mama mmoja alikuja kushinda na sisi, mmoja na ungo wake wa mchele, mwingine na mtoto wake mgongoni. Mmoja wao alikoroga uji, ukaacha kuungua. Shija aliposema "minzi", kikombe kilifika. Nilidhani wanakuja kupiga soga. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba ile ilikuwa zamu ya ulinzi. Dada Tuma hakuachwa tena peke yake na mtoto hata mmoja, mpaka aliporudi kwao Inyonga. Na sasa hivi, nikikumbuka Shija alivyoanza kucheka kwa sauti, bega langu linashuka lenyewe, kama mtu aliyetua mzigo. Leo ni mfanyabiashara wa ng'ombe, na akiongea kwenye simu mtaa mzima unajua bei.

Juzi nilimwambia Mama Kalista, ambaye bado ni jirani yangu na bado ananiita mtumwa, kwamba ule mlango ulituokoa na kwamba yeye ni shujaa. Alikuwa anapepeta, hakuinua hata kichwa.

"Unanisifia mlango! Yule mtoto alilia siku ngapi tunapita pale na vikapu vyetu, tunasema anadeka? Mlango ni mbao tu, wewe Mnyamwezi. Masikio tulikuwa nayo."