Magazeti Niliyoyakata Vichwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa vijiti vitatu vya chaki, darasa la watoto hamsini na wawili, na kitabu kimoja cha historia kilichoanza na wafalme wa Uingereza kikaishia na haohao. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sitini, shule ya matope na nyasi karibu na Rodi Kopany. Mimi nilikuwa P3, yaani mwalimu wa daraja la tatu, nimetoka chuoni na viatu vipya na kiburi kingi. Mwalimu Mkuu alinisimamisha mlangoni akaniambia, "Bwana mdogo, fundisha kilichomo kitabuni. Cha nje hakitahiniwi."

Nilimchukia tangu siku ile. Nasema wazi kwa sababu amekwisha kufa, na hata angekuwa hai ningesema. Nchi ilikuwa inapata uhuru mbele ya macho yetu. Bendera inabadilishwa, mikoa inapewa mabunge yake kisha inanyang'anywa, na mtoto wa darasa la saba pale kwetu angeweza kukutajia mito ya Uingereza bila kuvuta pumzi, lakini umuulize diwani wake ni nani, anakutazama tu. Nyinyi walimu wa leo mnapenda kusema ule ulikuwa mfumo wa wakati wake. Mimi nauita dharau.

Dawa niliipata dukani. Siku hizo sukari haikuja katika pakiti. Mwenye duka aliipima kwa mizani, akakunja karatasi ya gazeti ikawa kama pembe, akaimimina humo. Magazeti ya kufungia yalimfikia kwa mafungu kutoka Kisumu, makuukuu, ya Kiswahili na ya Kiingereza yamechanganyika. Tukapatana: mimi nimwandikie barua zake za Kiingereza, yeye aniachie nichague kurasa kabla hajaingiza mkasi. Usiku mke wangu akipika uji wa muhogo, nilibakisha kidogo uwe gundi, na asubuhi nilibandika kurasa kwenye ukuta wa nyuma wa darasa. Tuliuita ukuta wa habari.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu, msidhani tulikuwa tunasoma hadithi. Kila Jumatatu nilichagua safu moja, na watoto waliiuliza maswali matatu. Ni wapi? Hiyo ndiyo jiografia. Nani ameamua? Huo ndio uraia. Kabla ya hapo ilikuwaje? Hiyo ni historia. Ziwa lilipofurika na magazeti yakaandika habari zake, wanangu wa pwani ya ziwa waliosombewa vibanda waliufuata mto Kuja kwa kidole kwenye ramani, kisha Kagera, mpaka wakajua maji yaliyowafukuza nyumbani yalitoka milima gani. Siku nyingine msichana mmoja alisimama mbele ya picha ya waziri akauliza, "Mwalimu, huyu mshahara wake unatoka kwa nani?" Nikamwambia unatoka kwa baba yake, kwenye kodi. Jioni alimpelekea baba yake jibu hilo.

Baba yake naye alikwenda kumuuliza chifu. Muhula haukuisha kabla Afisa wa Elimu hajaniita Homa Bay. Alikuwa mtu mnene, Mwafrika mwenzangu, amekalia kiti cha Mzungu aliyeondoka, na sauti ya Mzungu huyo ilikuwa imebaki mle kwenye kiti. "Nasikia unafundisha siasa."

"Nafundisha uraia, bwana. Uko kwenye silabasi."

"Basi utaufundishia Mfangano. Huko samaki hawana chifu."

Alicheka peke yake. Hivyo ndivyo nilivyohamishwa kisiwani, na mke, na kuku wanne, na bunda la magazeti.

Mfangano watu walinipokea vizuri, sina neno nao. Shida ilikuwa gazeti. Lilivuka na mashua likiwa limefungia sabuni au chumvi, limekwisha kupita mikono mitano, na mara nyingi lilikuwa na mwezi mmoja, wakati mwingine miwili. Watoto wa wavuvi hawana adabu kwa kitu kilichochacha. Nikibandika ukurasa, wa kwanza kufika husoma tarehe kwa sauti, na darasa zima huziba pua. Nilivumilia, maana habari ya bunge haiozi kama samaki wa ngege.

Kisha akaja Mkaguzi wa Shule, viatu vimelowa, hasira za mawimbi bado ziko usoni. Hakutazama azimio langu la kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula, ambao nilikuwa nimeuandika kwa wino mwekundu na wa buluu. Alikwenda moja kwa moja ukutani.

"Mwalimu, leo ni tarehe ngapi?"

Nikamwambia.

"Na hii?" Alikuwa ameweka kidole kwenye kichwa cha gazeti, ule mstari wa juu wenye jina na tarehe. "Unawafundisha watoto maiti."

Aliandika hayo kwenye ripoti. Mwalimu Mkuu wetu, mhubiri mpole aliyeogopa ripoti kuliko dhambi, aliniita akafunga mlango. "Ndugu yangu, mimi sikukatazi magazeti. Ila kata kichwa. Asiyeona tarehe hawezi kusema limezeeka."

Nikachukua mkasi, nikakata. Kusema kweli nilifurahi, kwa sababu watoto waliacha kuziba pua. Habari bila tarehe inakuwa mpya kila siku. Niliwahi hata kujiona hodari kwa hilo. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi nilikuwa na cheti ukutani.

Mwishoni mwa miaka hiyo walinirudisha bara, shule moja upande wa Ndhiwa. Mwalimu Mkuu wa pale hakujali nibandike nini, alijali ng'ombe wake. Hakuna mkaguzi aliyenitisha. Hakuna aliyeniambia nikate. Nilikata tu, kwa mazoea, kila ukurasa, na vichwa nikavitupa jikoni viwe vya kuwashia moto. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la saba, Atieno. Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake alilima mtama na wimbi kwenye shamba la marehemu, yeye na watoto watatu. Wakati huo serikali ilikuwa inapima mashamba na kuyaandika kwenye rejista, kila kipande na jina la mwenyewe. Palikuwa na kamati ya wazee ya kuonyesha mipaka, na shemeji wa yule mjane alikuwa mmoja wao. Uvumi ulikuwa umemfikia mama kwamba shemeji ameliandika shamba lote jina lake. Alimwendea chifu, chifu akamwambia mambo ya ndugu yamalizwe na ndugu. Hakujua aende wapi tena.

Jumatatu moja nilibandika ukurasa kwa ajili ya ramani ya mashamba ya pamba. Watoto wakaijadili ramani. Atieno alikuwa ameinama chini pembeni, kwenye maandishi madogo ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeyasoma. Lilikuwa tangazo la serikali. Rejista ya mashamba ya eneo letu imekamilika na iko wazi Homa Bay. Mwenye pingamizi alilete ofisini katika muda wa siku sitini tangu tarehe ya gazeti hili. Chifu alipaswa kulisoma barazani. Hakulisoma, na mimi najua ni kwa nini, na nyinyi mnajua.

Atieno aligeuka. "Mwalimu, siku sitini tangu lini?"

Watoto arobaini wananitazama. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili: sijui, tutauliza. Bunda lile nilikuwa nimelichukua dukani wiki iliyotangulia, na mwenye duka naye alilipata kwa mwingine. Lakini mimi ndiye mwalimu wa magazeti, mtu aliyegombana na Afisa wa Elimu. Nikasema, "Hili ni la juzijuzi tu. Mna siku nyingi."

Alikimbia nyumbani wakati wa chakula cha mchana. Jioni mama yake alikuja shuleni, mikono bado ina udongo, akanishukuru mpaka nikaona haya. Kwa desturi yetu mjane hasimami peke yake kushtaki ndugu za mumewe juu ya ardhi. Akifanya hivyo, ukoo mzima utasema ametumwa na mwanamume wa nje. Lazima kaka yake wa kuzaliwa awepo amsemee. Kaka huyo alikuwa kibarua kwenye majani ya chai, Kericho.

"Japuonj," akaniita, mwalimu kwa lugha yetu, "nikimwandikia asubiri mwisho wa mwezi ndipo aje, si tutachelewa?"

"Hamtachelewa, mama," nikasema.

Barua niliiandika mimi mwenyewe. Kaka alifika baada ya wiki tatu. Tulikwenda Homa Bay wanne, yeye, mama, Atieno na mimi, na nikabandua ule ukurasa ukutani nikaukunja mfukoni uwe ushahidi. Karani wa ofisi ya ardhi alikuwa kijana mwenye adabu. Alitusikiliza mpaka mwisho, akafungua rejista, akaonyesha jina la shemeji, kisha akasema rejista imefungwa siku kumi na moja zilizopita.

"Haiwezekani," nikasema. "Gazeti tunalo." Nikamtandazia mezani.

Aliligeuza upande huu na upande huu. "Kichwa chake kiko wapi?"

Akavuta faili, akatoa nakala yao, nzima, na tarehe yake juu. Mtu yeyote aliyefika darasa la nne angeweza kuhesabu. Siku Atieno aliposoma tangazo, gazeti lilikuwa na siku hamsini. Zilibaki kumi. Angetoka kesho yake, hata peke yake, hata kwa miguu, hata ukoo wote ukimtukana njiani, angefika akiwa na siku za kubakiza. Kaka akamwuliza karani kama hakuna njia nyingine. Karani akasema njia iko, ni mahakama kuu na wakili. Kaka akatazama viatu vyake.

Kabla ya mavuno yaliyofuata shemeji aliweka boma la miti kuzunguka shamba. Mama Atieno alihamia Homa Bay na watoto, akaanza kuuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Atieno aliondoka miezi miwili kabla ya mtihani wa darasa la saba. Alikuwa wa kwanza darasani, na kiti chake nilikiacha wazi mpaka siku ya mtihani, jambo ambalo halikumsaidia mtu.

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu nikamwomba tuandike barua pamoja, tumshtaki chifu kwa kuficha tangazo. Akaniambia, "Wewe ni mwalimu, si wakili. Na kama tangazo lilifichwa, wewe ulilionaje?" Nilimtukana. Ndiyo sababu iliyoandikwa kwenye barua ya uhamisho wangu kwenda Migori: utovu wa nidhamu. Migori nilikaa mpaka nikastaafu, nikapanda vyeo, nikawa mwalimu mkuu mwenyewe. Sikukata gazeti tena. Mwalimu kijana akibandika ukurasa usio na tarehe nilimwita ofisini, na wengi walitoka wakilia. Waliniona mkali bure.

Siku ya kuniaga walinipa redio na hotuba tano. Kila hotuba ilisema nilileta magazeti darasani wakati hakuna aliyethubutu. Walipiga makofi. Nilikaa pale nimekasirika kama siku ile ya Rodi Kopany, ila sasa sikuwa na bosi wa kumkasirikia. Chifu yule nilimlaani miaka mingi, na bado namlaani. Mkaguzi na yule mhubiri wa Mfangano nimewalaani pia. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo darasani nilipoulizwa swali.

Wiki iliyofuata nikaenda Homa Bay sokoni. Mama Atieno nilimkuta kwenye meza yake, mzee sasa, akanitambua kabla sijasema neno. Nikamweleza yote, kwamba sikujua tarehe, kwamba nilibahatisha kwa kuona haya mbele ya watoto.

"Japuonj, mimi nilijua tangu siku ile ofisini," akasema. "Karani alipouliza kichwa kiko wapi, nilikutazama usoni."

"Mbona hukusema? Mbona hukumwambia binti yako?"

Alikuwa anapima omena kwa kopo, hakuacha kupima. "Yeye alidhani ulikosea hesabu tu. Shamba alikuwa amekwisha kulipoteza. Nikaona asipoteze na mwalimu."

Atieno mwenyewe alikuwa meza ya tatu kutoka hapo. Aliponiona aliinuka, mama mtu mzima, akanishika mkono kwa mikono miwili, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma gazeti." Akaniagizia chai. Niliinywa yote. Tuliongea habari za mvua, za wajukuu, za bei ya samaki, kisha nikaaga nikapanda gari la Migori, na sikumwambia.

Atieno, nimeyaandika haya kwa sababu nilishindwa kukuambia usoni. Uliniuliza tangu lini. Sikujua, nikasema najua.